Hewa Nyembamba na Rubani Mwanafunzi: Kuchagua Mahali na Kuchagua Ndege

Nchi inapoamua kuwafundisha marubani wake wa kijeshi, maswali mawili hayana budi kujibiwa kabla ya mwanafunzi hata mmoja kuketi kwenye usukani. La kwanza ni hili: shule ijengwe mahali gani? La pili: wanafunzi waanze na ndege ya aina gani? Aghalabu maswali haya hukabidhiwa watu tofauti. La mahali huamuliwa na wanasiasa, wapima ardhi na wahasibu. La ndege huamuliwa na marubani wazoefu na maofisa wa ununuzi. Kila kundi hufanya kazi yake kwa uangalifu na kutoa ripoti yake. Lakini kwa mwanafizikia maswali hayo mawili ni swali moja, kwa sababu ndege haibebwi na mbawa peke yake. Hubebwa na mbawa pamoja na hewa inayopita juu na chini yake, na hewa hiyo si sawa kila mahali. Anayechagua uwanja amekwisha kuchagua hewa, na hewa ni sehemu ya mtambo.

Historia ya Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani, kilichojengwa katika jimbo la Colorado, ni mfano ulio wazi wa jambo hili, na ni mfano wenye huzuni, maana watu sita walipoteza maisha yao. Kabla ya kufika Colorado, hata hivyo, yafaa kueleza kazi ya ndege ya mwanzo na jinsi hewa ya nyanda za juu inavyoiathiri.

Kazi ya ndege ya mwanzo

Ndege ya mafunzo ya awali si ndege ya vita iliyopunguzwa ukubwa. Ni chombo cha kufundishia, kama ulivyo ubao darasani. Ina viti viwili, cha mkufunzi na cha mwanafunzi, na kila kiti kina usukani wake. Hutakiwa iwe rahisi kuitunza, isile mafuta mengi, na istahimili kutua kwa kishindo mara nyingi kwa siku moja. Hutakiwa pia iwe na tabia mbili zinazopingana. Yapasa iwe pole, ili kosa la mwanafunzi lisiwe kifo chake. Na yapasa isiwe pole kupita kiasi, kwa sababu jeshi hutumia ndege hiyo kuwachuja wanafunzi, na chujio lenye matundu makubwa halichuji kitu. Mwanafunzi ambaye hajapata kuona ndege ikipoteza nguvu ya kuinuliwa na kuanguka huku ikizunguka kama pia hawezi kujua namna ya kuiokoa siku jambo hilo litakapomfika akiwa peke yake.

Mahali napo pana masharti yake. Panatakiwa siku nyingi za anga safi, kwani siku ya mawingu mazito ni siku ya mishahara bila somo. Panatakiwa ardhi iliyo wazi kuuzunguka uwanja, ili injini ikizimika ndege ipate pa kutua. Panatakiwa anga lisilo na njia nyingi za ndege za abiria, pamoja na maji, barabara na hospitali. Masharti haya yote huonekana katika ramani au katika madaftari ya mvua na upepo. Lipo sharti moja lisiloonekana kwa macho, nalo ni uzito wa hewa yenyewe.

Uzito wa hewa

Wanafunzi wengi wa sekondari husadiki kwa kinywa kwamba hewa ina uzito, lakini moyoni hawasadiki. Basi na wapime. Usawa wa bahari, katika joto la nyuzi 15 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225. Darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 lina mita za ujazo 144. Hewa iliyomo ndani yake ina uzito wa kilo 176, yaani zaidi ya mifuko mitatu ya saruji. Uzito huo katika kila mita ya ujazo huitwa msongamano wa hewa.

Mtu akipanda mlima, msongamano hupungua. Katika kimo cha mita 2,000, ambacho hakikuzidi sana kile cha Njombe au Nanyuki, hewa ya kawaida ina kilo 1.007 katika kila mita ya ujazo, ikiwa joto ni nyuzi 2 tu. Lakini mchana wa kiangazi joto halikai kwenye nyuzi 2. Likipanda hadi nyuzi 30, hewa hutanuka na msongamano hushuka mpaka kilo 0.91, yaani robo tatu tu ya ule wa pwani. Ndege iliyosimama kwenye uwanja huo haijaruka bado, lakini kwa habari ya hewa ni kana kwamba imekwisha kufika kimo cha karibu mita 3,000.

Upungufu huo huiadhibu ndege mara tatu kwa wakati mmoja. Kwanza, kani inayoinua mbawa, ambayo waandishi wengine huiita mnyanyuo, hutegemea eneo la mbawa, msongamano wa hewa na mraba wa mwendo. Msongamano ukishuka, mwendo hauna budi kuongezeka. Katika mfano wetu ndege iliyozoea kuinuka kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa itahitaji kilomita 116. Kipimamwendo cha ndege, ambacho kwa hakika hupima msukumo wa hewa na si mwendo wenyewe, kitaendelea kuonyesha 100 kama kilivyozoea. Mwanafunzi haoni tofauti yoyote kwenye saa zake. Huiona kwenye ardhi inayompita kwa kasi asiyoizoea. Na kwa kuwa nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba, breki zake zitalazimika kumeza nishati iliyozidi ya pwani kwa theluthi moja.

Pili, injini ya petroli huvuta hewa kwa ujazo, lakini huchoma kwa uzito. Ikipewa hewa nyembamba, huchoma petroli kidogo na kutoa nguvu kidogo. Kwa kanuni ya makadirio wanayoitumia wahandisi, injini isiyo na kishindilia-hewa hubaki na asilimia 71 hivi ya nguvu zake katika hali tuliyoitaja. Tatu, pangaboi nalo ni ubawa unaozunguka, na ubawa huo pia unakata hewa nyembamba.

Wanafunzi wanaweza kulipima jambo hili kwa hesabu. Chukua ndege ya kubuni yenye uzito wa kilo 1,000. Pwani, injini na pangaboi lake vinatoa kilowati 70 zenye kufaa, na ndege inahitaji kilowati 36 ili isonge mbele bila kupanda wala kushuka. Ziada ni kilowati 34. Ziada hiyo ndiyo inayopandisha ndege: wati 34,000 zikigawanywa kwa nyutoni 9,800 hutoa mita 3.5 kwa sekunde. Sasa ipeleke kwenye uwanja wa mita 2,000 wakati wa joto. Kilowati 70 zinakuwa 50. Zile 36 za kusonga mbele nazo zinakuwa 42, kwa sababu mwendo wa kweli umeongezeka. Ziada iliyobaki ni kilowati 8, na ndege inapanda kwa mita 0.8 tu kwa sekunde. Injini ilipoteza chini ya theluthi ya nguvu zake, lakini uwezo wa kupanda umepotea zaidi ya robo tatu. Pwani ndege hii hufika mita 1,000 juu ya uwanja kwa dakika tano. Huku nyanda za juu dakika 20 hazitoshi, maana hewa inazidi kuwa nyembamba kadiri ndege inavyopanda. Somo la dakika 50 limekwisha kabla ya kuanza.

Hesabu hii ndiyo kiini cha jambo lote, na mwalimu wa fizikia atafanya vyema kuirudia ubaoni kwa tarakimu nyingine.

Mahali palipobadili ndege

Si kila mara mahali huidhuru ndege kwa wembamba wa hewa. Desemba 1939 Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zilitia saini huko Ottawa mkataba wa kufundisha wanahewa wa vita, na kufikia mwaka 1945 Kanada peke yake ilikuwa imewafuzisha zaidi ya watu 131,000. Ndege mojawapo ya mwanzo ilikuwa Tiger Moth ya Kiingereza, yenye mbawa za ghorofa na viti vilivyo wazi kwa upepo. Kwa baridi ya Kanada viti vya wazi vilikuwa adhabu, kwa hiyo toleo lililoundwa huko lilifunikwa kwa paa la vioo. Marekani nayo ilipotumia ndege ya Fairchild PT-19, ambayo mbawa zake zilifunikwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa, joto la Texas na unyevu wa Florida viliziharibu mbao hizo, na matengenezo yakawa mzigo. Mchoro ulikuwa mmoja. Mahali ndipo palipotofautiana.

Barani Afrika mfano mkubwa wa wakati ule ulikuwa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Waingereza waliipenda kwa sababu zilizo wazi: ilikuwa mbali na ndege za adui, anga lake lilikuwa safi sehemu kubwa ya mwaka, na ardhi ilikuwa na nafasi. Shule ya kwanza ya awali ilifunguliwa Belvedere, mjini Salisbury, mnamo Mei 1940, na nyingine zikafuata karibu na Bulawayo na Gwelo. Waafrika waliwekwa katika kikosi kilichoitwa Rhodesian Air Askari Corps, wakafanya ulinzi na kazi za mikono. Viti vya wanafunzi marubani havikuwa vyao. Huo ni upungufu wa siasa ya mahali, nao haukuandikwa katika daftari lolote la hali ya hewa.

Salisbury iko karibu mita 1,480 juu ya bahari. Injini ya Tiger Moth, yenye nguvu za farasi 130 pwani, haikuweza kutoa zaidi ya 110 hivi pale, hata siku ya ubaridi. Kwa nini basi ndege hiyo iliweza kufundishia? Jibu limo katika mbawa zake za ghorofa. Ndege nzima ikiwa imejaa haikuzidi kilo 830 hivi, na mbawa zake nne zilikuwa na eneo la mita mraba 22. Kila mita mraba ya ubawa ilibeba kilo 37 au 38 tu. Chombo kilichotandaza uzito wake namna hiyo huinuka kwa mwendo mdogo, na hata hewa ikipungua bado mwendo unaotakiwa si mkubwa. Wahandisi wa mwaka 1931, ndege hiyo iliporuka kwa mara ya kwanza, hawakuikusudia nyanda za juu za Afrika. Iliafikiana nazo kwa bahati.

Afrika Mashariki nako swali hili lilikuwako. Jeshi la Anga la Kenya lilipoanzishwa mwezi Juni 1964 katika kituo cha Eastleigh, Nairobi, ndege yake ya mafunzo ilikuwa Chipmunk, yenye injini ya nguvu za farasi 145. Eastleigh iko kwenye kimo cha mita 1,640 hivi. Mchana wenye joto la nyuzi 25, kwa kanuni ile ile ya makadirio, injini hiyo hubaki na nguvu 111. Katika miaka ya 1970 Kenya ilinunua Bulldog, yenye nguvu 200 na pangaboi ambalo mapanga yake hugeuza pembe ili kuiuma hewa vizuri zaidi. Katika joto hilo hilo Bulldog hubaki na nguvu 153. Yaani Bulldog ya Nairobi ina nguvu zinazozidi kidogo tu zile ambazo Chipmunk ingekuwa nazo Mombasa. Nguvu nyingi za ziada ambazo mnunuzi huziona kwenye karatasi ya muuzaji zimekwisha kuliwa na kimo cha uwanja, na sehemu ya zilizobaki zinaliwa na uzito wa ndege mpya yenyewe.

Colorado

Mwaka 1954 serikali ya Marekani iliunda tume ya kushauri mahali pa kujenga chuo kipya cha maofisa wa Jeshi la Anga. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Charles Lindbergh, yule aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927. Mahali patatu palibaki mwishoni: Alton katika jimbo la Illinois, Lake Geneva katika Wisconsin, na Colorado Springs chini ya milima ya Rocky. Palizuka shaka kama eneo hilo la mwisho, lenye kimo na lililo ubavuni mwa milima yenye pepo kali, lingefaa kwa kurushia ndege. Lindbergh aliruka juu yake kwa ndege ndogo, akaridhika. Mwezi Juni mwaka huo Harold Talbott, waziri aliyesimamia Jeshi la Anga, akachagua Colorado Springs. Mandhari ya milima ilikuwa na uzito wake katika uamuzi, na si ajabu, kwani chuo cha taifa hujengwa pia ili kitazamwe.

Kumbuka kwamba Lindbergh alikuwa mmoja wa marubani wazoefu kuliko wote duniani. Swali alilolijibu lilikuwa kama rubani anaweza kuruka pale. Swali lililosalia, kama mtu ambaye si rubani anaweza kujifunza pale, na kwa chombo gani, halikuwa na haraka wakati ule, kwa maana mafunzo ya urubani yenyewe yalifanyika kwingineko.

Baadaye, katika miaka ya 1960, Jeshi liliamua kuwaonjesha wanafunzi urubani papo hapo chuoni, ili wasiofaa wajulikane mapema kabla ya kugharimiwa mafunzo ya ndege za jeti. Uwanja wa chuo uko kwenye kimo cha mita 2,003. Ndege iliyochaguliwa ilikuwa Cessna 172 ya kawaida, iliyopewa jina la T-41. Kwa shule za nchi tambarare Jeshi lilinunua T-41A yenye nguvu za farasi 145. Kwa chuo cha Colorado likanunua T-41C, yenye umbo lile lile lakini injini ya nguvu 210, na pangaboi lililokatwa kwa ajili ya kupandia. Hapa wanunuzi walisoma ramani kabla ya kuandika hundi. Katika joto la nyuzi 30, zile nguvu 210 hubaki 150 hivi pale chuoni, karibu sawa na zile 145 za pwani. Kwa miaka mingi T-41 ilifanya kazi yake bila makuu. Kasoro yake, machoni pa maofisa, ilikuwa upole. Haikuweza kupinduliwa angani, na ilionekana haiwachuji wanafunzi inavyopasa.

Kwa hiyo mwaka 1992 Jeshi lilichagua ndege mpya: Firefly, yaani kimulimuli, ya kampuni ya Slingsby ya Yorkshire, Uingereza, ikapewa jina la T-3A. Nasaba ya ndege hii yafaa ifuatwe. Asili yake ilikuwa ndege ndogo ya mbao iliyobuniwa na Mfaransa René Fournier. Slingsby, waliojulikana kwa ndege zisizo na injini, waliiunda upya kwa nyuzi za kioo na plastiki, wakaikuza hatua kwa hatua: injini ya nguvu 160, kisha 200. Wamarekani walitaka ndege itakayopinduka na kuzunguka katika hewa ya Colorado, na kwa hesabu iliyokwisha kuonyeshwa hapo juu nguvu 200 zisingetosha. Basi ikatiwa injini ya Lycoming yenye silinda sita na nguvu 260. Ndege 113 ziliagizwa, na zikagawanywa baina ya vituo viwili: Hondo katika Texas, ambako uwanja haufiki mita 300 juu ya bahari, na chuo cha Colorado.

Kwa tarakimu za injini peke yake, uamuzi huu ulikuwa wa busara. Lakini nguvu haziji pweke. Injini kubwa ina uzito, hula petroli zaidi, na hutoa joto zaidi ndani ya pua ile ile ya ndege. Firefly iliyojaa ilibeba karibu kilo 90 kwa kila mita mraba ya ubawa, ilhali T-41 ilibeba 65 hivi na Tiger Moth chini ya 40. Ndege ya namna hiyo, katika hewa ya robo tatu, hutua kwa kasi na hupoteza kimo upesi inaposhindwa.

Halafu kuna petroli. Kila mpishi wa nyanda za juu anajua kwamba maharage huchelewa kuiva huko, kwa sababu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Katika mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Sababu ni kanieneo ya hewa, yaani ule msukumo wake juu ya uso wa maji, ambayo imepungua. Petroli, iliyo nyepesi kugeuka mvuke kuliko maji, hufuata kanuni hiyo hiyo. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili kwa bomba la sindano lisilo na sindano: avute ndani yake maji ya moto kiasi cha nyuzi 60 au 70, azibe tundu kwa kidole chenye kinga ya mpira, kisha avute mchi kwa nguvu. Maji yatachemka mbele ya macho ya wanafunzi, na mvuke utajaza nafasi. Hali kama hiyo ikitokea ndani ya mrija wa petroli karibu na injini yenye joto, pampu husukuma mvuke badala ya mafuta, na injini huzimika.

Injini za Firefly zilizimika. Tangu mwaka 1994 hadi 1997 taarifa za injini kusimama bila kutazamiwa, ardhini au angani, zilifikia makumi. Mafundi walishuku mfumo wa mafuta, na sehemu zake zilibadilishwa zaidi ya mara moja, lakini chanzo kimoja kisichobishaniwa hakikupatikana. Na hapo ndipo ugumu wa uchunguzi wa namna hii ulipo. Mvuke hauachi alama. Mrija uliojaa mvuke saa nane mchana huwa umejaa petroli safi saa kumi na mbili jioni, mchunguzi anapoufungua.

Mnamo Februari 1995 Firefly ya chuo cha Colorado ilianguka ikiwa katika mzunguko wa pia ambao haukuokolewa. Septemba 1996 ikaanguka ya pili. Juni 1997 ikaanguka ya tatu. Katika kila ajali alikufa mkufunzi pamoja na mwanafunzi wake. Ndege zote tatu zilikuwa za chuo cha Colorado. Hondo, iliyotumia ndege za aina ile ile, haikupata msiba wa namna hiyo.

Ingekuwa makosa kusema kwamba kimo cha uwanja peke yake kiliwaua watu hawa. Ajali tatu ni chache mno kwa hesabu ya uwezekano, na mambo mengine yalikuwamo. Baadhi ya wakufunzi walitoka kwenye ndege kubwa za uchukuzi, ambazo hazipinduliwi, na uzoefu wao wa kuokoa ndege ndogo inayozunguka ulikuwa mdogo. Lakini kila jambo katika hayo lilizidishwa na hewa. Mkufunzi aliyechelewa sekunde mbili katika hewa nzito huwa bado na nguvu ya injini ya kumtoa. Aliyechelewa sekunde zile zile katika mita 2,000 ana nguvu zilizopungua, mwendo wa kushuka uliozidi, na ardhi iliyo karibu, kwa sababu kila mita ya kimo aliipata kwa taabu.

Julai 1997 Firefly zote zilizuiwa kuruka. Mwaka uliofuata zilijaribiwa katika kituo cha Edwards, California, mfumo wa mafuta ukiwa umerekebishwa, lakini hazikurudishwa kazini. Mwaka 1999 Jeshi lilitangaza kwamba limeachana nazo. Hakuna aliyekubali kuziuza kwa raia baada ya yaliyotokea. Ziliegeshwa kwa miaka mingi, na mwaka 2006 zikavunjwa kuwa vyuma chakavu. Wakati huo wote wanafunzi walipelekwa kwenye shule za kiraia, wakafundishwa kwa ndege ndogo za kawaida za upole ule ule uliolaumiwa hapo awali.

Mwaka huo huo wa 2006 mafunzo ya mchujo yalianzishwa upya katika mji wa Pueblo, kusini mwa Colorado Springs, chini ya mkataba na kampuni ya kiraia. Pueblo iko kwenye kimo cha mita 1,440, yaani mita 560 chini ya uwanja wa chuo, na mbali kidogo na milima, katikati ya mbuga iliyo wazi. Ndege iliyochaguliwa ilikuwa Diamond DA20, iliyoundwa Kanada. Injini yake ina nguvu za farasi 125 tu, pungufu ya nusu ya zile za Firefly. Lakini ikiwa imejaa haizidi kilo 800, ubawa wake ni mrefu na mwembamba, na kila mita mraba hubeba kilo 69. Mchana wa nyuzi 30 injini hiyo hubaki na nguvu 97 hivi pale Pueblo, nazo zinatosha, kwa sababu ndege haikuchaguliwa kwa michezo ya angani. Safari hii vilipunguzwa vitu vitatu kwa pamoja: kimo cha uwanja, uzito wa chombo, na ukali wa somo. Mara ya kwanza viwili vya mwisho viliongezwa, na cha kwanza hakikuguswa.

Uwanja wa chuo wenyewe haukufungwa. Uliendelea kutumika kwa miavuli na kwa ndege zisizo na injini, ambazo huvutwa kwa kamba na ndege nyingine mpaka juu, kisha hukatiwa kamba na kuelea kwa upepo unaopanda kutoka kwenye miteremko ya milima. Kufikia mwaka 2012 chuo kilikuwa kimepata ndege mpya za aina hiyo kutoka Ujerumani. Pepo zile zile zilizoleta shaka mwaka 1954 ndizo zinazozibeba.